Leo Nimemwombea Koplo kwa Jina

Wenzangu, leo nimelipiza kisasi, tena nikiwa nimefumba macho.

Mnamjua Koplo Barasa, yule polisi aliyeletwa hapa kisiwani Pate mwaka jana, baada tu ya Uhuru. Jumapili, kwenye maombi yetu sisi Wakristo wachache wa bara, alisimama akaniombea kwa sauti: "Bwana, mponye Mwalimu Rhoda, anaogopa maji kama paka."

Watu walicheka hadi kwenye "amina".

Leo asubuhi mimi naye tumepanda mashua moja kwenda Lamu. Niliogopa, sikatai. Nikasema moyoni, "Yesu, ulikaa chomboni na wanafunzi wako, kaa na mimi."

Nikatulia, jamani!

Halafu wimbi la kwanza likapiga.

Nani alipiga yowe? Koplo! Kaptula yake ya pasi imelowa, mikono yote miwili imeng'ang'ania gauni langu.

"Mwalimu, omba!"

Nikaomba. Kwa sauti. "Bwana, mponye Koplo Barasa, anayelia kama mtoto. Na aliachie gauni langu."

Abiria wote, Waislamu watupu, wakaitikia: "Amin!"

Nahodha alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Mwombee tena, Bi Mwalimu. Ndia ingali ndefu." Na kweli, njia ilikuwa bado ndefu.

Kama ni dhambi, niambieni.

Nilimwombea mpaka Lamu.