Mama Zamu Anangoja Wageni

Mama Zamu alianguka Jumamosi asubuhi akianika mashuka, na wa kulaumiwa hakuwepo ila yeye mwenyewe. Mwanamke wa umri wake anapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu gani? Kwa sababu kamba ya kuanikia iko juu, na kwa sababu akishaambiwa "usifanye" ndipo anafanya. Kifundo kilivimba. Jirani yake wa chumba cha mbele, dereva wa lori, alimpeleka zahanati, akamrudisha na bandeji hadi chini ya goti, kisha akashika safari yake. Muuguzi alikuwa amesema asikanyage chini mpaka aambiwe.

Hakuwa na wasiwasi. Wageni wangekuja. Kama kuna mtu anayejua habari za wageni wa wagonjwa ni yeye.

Ujanani alikuwa dobi wa hospitali. Akipeleka mashuka wodini aliona jambo lililomkaa rohoni: kuna vitanda vinavyozungukwa na ndugu mpaka muuguzi hana pa kupita, na kuna vitanda ambavyo mgonjwa akisikia viatu mlangoni huinua kichwa, akitazama, kisha hukirudisha pole pole kwenye mto. Akamwambia rafiki yake mkunga, "Dada, hawa tunawaacha hivihivi?" Mkunga hakuwa mtu wa maneno. Alisema, "Vaa viatu twende."

Chama cha akina mama wa parokia kilianza hivyo, bila mkutano wala hotuba, wanawake wawili na chupa ya chai baada ya Misa. Wengine wakajiunga. Wakawashonea wagonjwa mashuka, wakawafulia wazee walioachwa na watoto wao, wakakaa na wafiwa, wakawaogeshea watoto wazazi waliotoka kujifungua bila hata shangazi wa kuwapokea. Paroko wa siku hizo aliwatania, akawaita jeshi la vikapu. Hawakukasirika, maana vikapu walikuwa navyo kweli.

Lakini mwanzoni walifanya fujo ya upendo. Katekista aliugua, nao wakamwendea wote siku moja, wamevaa sare, wakajaa chumbani, wakaimba na kuimba mpaka mgonjwa akaomba afunguliwe dirisha apate hewa. Juma lililofuata kila mmoja alidhani wenzake wapo, basi hakwenda hata mmoja. Katekista alipopona hakuwasema. Aliwatazama tu, na bora angewatukana.

Ndipo mkunga na dobi wakaweka kanuni: haendi mtu bila kutumwa. Ukisikia fulani anaumwa, mwambie dobi. Dobi atachagua wawili, na hao wawili ndio watakaokwenda. Wewe uliyebaki, hata kama mnapakana ukuta na mgonjwa, tulia, zamu yako itafika. Tangu hapo hakuna aliyemwita dobi kwa jina lake. Na kanuni ile ilishikwa, jamani, kuliko hata Kwaresima. Wenzake wa mwanzo wametangulia mmoja mmoja, mkunga naye akaenda, na tangu walipomzika mkunga Mama Zamu hajapata mtu wa kumweleza yaliyomo moyoni. Ya wenzake anayasikia kila siku.

Basi Jumapili hakuonekana kanisani. Kengele aliisikia akiwa kitandani. Akapiga hesabu zake: sasa wanatoka, sasa wamesimama kule upande wa kivulini, sasa wanaulizana, "Mbona Mama Zamu hayupo?" Akachana nywele. Akavuta viti karibu na kitanda kwa mpini wa fagio, akikaribia kudondoka tena. Akajizoeza hata namna ya kusema, "Jamani, msingejisumbua."

Mchana ukapita. Jioni nayo ikapita. Jumatatu mke wa dereva alimwachia maji na chakula, akamuuliza hali huku tayari ameshika mlango, maana kiwandani wanafunga geti mapema. Baada ya hapo nyumba ilikuwa kimya mpaka giza linaingia. Jumanne ikawa vilevile. Mama Zamu akaanza kuwasema kichwani mwake, mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti na mkoba wake mkubwa usio na kitu. Yule wa kwaya, waliyekaa naye kitandani alipoharibikiwa mimba. Wote aliwatumia watu. Wote. Simu ilikuwa pale kwenye stuli, lakini ampigie mwenyekiti amwambie nini? Njooni mnitazame? Alipiga moyo konde, kisha moyo ukamshinda, akalia hadi mto ukalowa.

Jumatano simu ililia yenyewe. Alikuwa binti yake, anayeshona nguo katika mji wa mbali.

"Mama, mke wa dereva ameniambia umeanguka. Nije?"

"Uje kufanya nini? Uache kazi za watu? Hapa pamejaa, hata pa kukaa hakuna."

"Mbona kimya?"

"Wanasali."

"Haya, Mama. Wasalimie sana."

"Wamesikia."

Aliiweka simu chini, akavitazama vile viti. Aibu ilimshika, kwani alikuwa amemzuia mtu pekee aliyetaka kuja.

Alhamisi, jua likiwa kali, alisikia viatu nje. Hodi ikapigwa. Akavuta shuka hadi kifuani, akajiweka sawa, akasema "Karibuni" kwa sauti aliyoiandaa tangu Jumapili. Alikuwa mwenyekiti, na nyuma yake yule mwanachama mpya ambaye wote humwita Bi Harusi. Hawakukaa. Mwenyekiti alisimama kizingitini akijipepea kwa leso.

"Afadhali umerudi, Mama Zamu. Sisi tulijua umekwenda kwa binti yako. Huku mambo yameharibika. Mke wa fundi viatu amelazwa. Yule bibi asiyeona naye analalamika. Juma zima hakuna aliyetembelewa. Wananiletea mimi habari, nami nawaambia, mimi siyo mtu wa kutuma. Tupe zamu twende zetu."

Hasira ya Mama Zamu ikakosa pa kukaa. Kumbe hawakumdharau. Wamemtii. Na kule hospitalini mke wa fundi viatu naye amekuwa akiinua kichwa kila akisikia viatu. Lakini lilimuuma jambo jingine: hawa wawili wamesimama hatua chache kutoka kitandani, adhuhuri, na hakuna aliyejiuliza mtu huyu amelala kwa nini.

Mdomo ukaanza kazi yake uliyoizoea. "Kwa mke wa fundi viatu nendeni ninyi wawili. Kwa bibi aende mama wa kwaya na dada yake."

"Haya, asante," akasema mwenyekiti, na kugeuka.

Mama Zamu aliona migongo yao. Wakishatoka, ndiyo basi mpaka zamu nyingine.

"Yupo na mwingine," akasema.

Wakasimama. "Nani tena?"

"Mjane. Zamani alikuwa dobi. Ameanguka tangu Jumamosi."

"Masikini. Anakaa wapi?"

Akalivuta shuka pembeni, bandeji ikaonekana. "Hapa."

Mwenyekiti aliketi sakafuni, viti vipo. Bi Harusi ndiye aliyesogea, akaushika ule mguu kwa mikono miwili kana kwamba ungetoroka, machozi yakimtoka.

"Siku zote hizi, Mama? Na simu unayo. Kwa nini hukututuma?"

Mama Zamu alivitazama viti vitupu. "Nilitaka mje bila kutumwa," akasema.