Neno Kuni na Grupu la Karakana

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoka kijijini kwetu Maposeni alfajiri kwa baiskeli ya kuazima, na elimu yangu ilikuwa darasa la tano. Tulianza watatu. Wenzangu wawili walikuja na vyeti kwenye bahasha. Leo hao wawili siwasikii popote, lakini milango niliyoitengeneza mimi ipo kila mtaa wa Majengo. Sijisifu. Nenda ukaigonge mwenyewe usikie.

Karakana ile ya useremala ilikuwa chini ya Fundi Mkuu, mtu mfupi asiyepaza sauti. Alinipa mguu wa meza niuchonge ulimi, yaani kile kichwa cha mbao kinachoingia kwenye tundu la mbao nyingine, zikashikana bila msumari. Ulimi wangu ulicheza ndani ya tundu kama jino bovu.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Mguu wa meza, mzee."

"Mguu unasimamisha meza. Huu unaivisha ugali."

Akachukua chaki, akaandika KUNI, akauegemeza mlangoni pa karakana. Kila mteja aliyeingia aliuliza kuni ile ni ya nani, na desturi ilikuwa mwenye kosa ajibu mwenyewe: "Ni yangu." Chaki haifutwi mpaka utengeneze nyingine nzuri. Nilijibu wiki nzima. Wiki iliyofuata ulimi wangu uliingia kwenye tundu ukagoma kutoka, na Fundi Mkuu akaifuta chaki kwa kiganja chake.

Baadaye nilipelekwa Madaba kwenye ujenzi wa shule, chini ya Foremani. Huyo ndiye aliyenifundisha kuijua mbao kavu kwa kuigonga na kusikiliza, maana mbao mbichi ukiitengenezea mlango leo, kesho kutwa umepinda. Foremani hakuwa na chaki, alikuwa na mdomo. Mbele ya vibarua wote na mama wa chai atakuuliza, "Wewe Mngoni, mbao hii uliianika au uliiogesha?" Watu wanacheka, na wewe unacheka, kazi inaendelea. Hakuna aliyekwenda nyumbani kununa. Au kama alinuna, alinunia huko huko.

Nilipofungua karakana yangu Majengo niliichukua chaki ya Fundi Mkuu. Nimewaandikia wengi kuni, na wengi wao leo ni mafundi wanaojitegemea. Ndiyo maana jambo la Rehema mpaka sasa silielewi vizuri.

Rehema ni binti wa Tunduru, amesoma chuo cha ufundi, na tangu nianze kuajiri sijapata mkono kama wake, ukiacha wa kwangu. Macho yangu yalishaanza ukungu, mkono wa kulia unakufa ganzi, na wanangu hakuna anayetaka vumbi la mbao. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba nikipumzika, karakana ataishika yeye. Asipokubali, nafunga, na kazi ya maisha yangu inageuka stoo ya mtu.

Basi siku moja akatengeneza kabati, droo ikagoma kuingia. Mbao ilikuwa haijakauka sawasawa. Mwalimu mmoja mgeni aliyeagiza kabati alikuwa amesimama pale pale. Nikachukua chaki, nikaandika KUNI, nikaiweka droo mlangoni. Rehema akaipiga picha.

Karakana yetu ina grupu kwenye simu. Mimi mwenyewe niliagiza lifunguliwe, nikawaweka na wateja ndani ili waone kazi zangu. Jioni ile ikaingia picha ya droo na maneno haya: "Shikamoo Mzee. Droo nimeikosea na nimekubali. Lakini kuniandikia kuni mbele ya mteja ni kunidhalilisha. Naomba uniombe radhi hapa hapa kwenye grupu."

Kilichonichanganya kwanza ni ile shikamoo. Kama unanitukana, nitukane. Kama unanisalimia, nisalimie. Nikaandika "Marahaba", nikakwama. Wateja wakaanza kuweka vidole gumba, na sikujua kidole ni cha Rehema au cha marahaba yangu.

Siku tatu hakuja kazini. Zamani Fundi Mkuu akiona amekuumiza hasemi samahani, anakupa kifaa chake kizuri, na wewe unaelewa. Nikanunua randa mpya ya chuma, nikampelekea pale alipopanga.

"Shikamoo Mzee, karibu ukae."

"Marahaba. Hiyo yako."

Akaigeuza, akaupima ukali kwa ukucha. "Randa nzuri. Lakini kuni uliniandikia mbele ya watu, na randa umeniletea chumbani."

"Ulitaka nikupe sokoni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe mbona hukuniita pembeni kwanza?"

"Nilikuita. Siku ulipomwandikia kuni fundi mwenzangu Saidi. Ukaniambia nirudi kupiga msasa."

Ilikuwa kweli. Nilikumbuka hata kabati alilokuwa analisugua.

Nikarudi nikiwaza njia nzima. Sisi kosa la mtu tulilisemea barabarani na radhi tukaitolea uani. Vijana hawa kosa wanalitaka uani na radhi barabarani. Nani aliyegeuza, na aligeuza lini, mimi nilikuwa napiga randa sikuona. Na kama kuni haifundishi, mimi nilifundishwa na nini?

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, wateja wote wakisoma: "Rehema samahani kwa kukuandikia kuni. Droo ilikuwa mbaya lakini samahani." Yule mwalimu akaweka moyo mwekundu. Mwanamume mzima. Saa mbili Rehema alikuwa mezani kwake, amevaa aproni, analainisha mbao kwa randa mpya.

Sasa karakana anaishika yeye, na kazi zinatoka nzuri, karibu na za kwangu. Fundi akikosea, anamwita ofisini na kufunga mlango. Mimi hukaa nje nikiwatazama nyuso wakitoka, nijue wamekaripiwa au wamesifiwa, na siwezi kujua.

Mimi nami huwa nakwenda kupiga kazi ndogo nisioze nyumbani. Mwezi uliopita nilifunga bawaba za mlango wa mteja. Rehema akausukuma mara moja, akaja taratibu, akaniambia, "Mzee, naomba tuongee ndani kidogo." Akafunga mlango wa ofisi. Akanivutia kiti.

"Mteja alitaka ufungukie ndani, Mzee. Bawaba umeziweka upande mwingine. Usijali, tutazihamisha."

Akamaliza. Nikangoja kingine, hakikuja. Nikafungua mlango, na mafundi wote wakaninyanyulia macho. Nikasimama pale, sijui niweke uso gani.