Insha ya Kushindwa Niliyomsomea Ma Koku

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Nilikuwa jikoni kwa shangazi yangu, Ma Koku, kule Izimbya. Yeye anachambua maharage, mimi namsomea insha. Ndiyo, insha, kama hii uliyoniletea wewe leo hapa Nshambya. Msidhani mmeyaanza ninyi mambo haya! Hata sisi tulipotaka kusoma shahada ya juu ya biashara, chuo kilituuliza swali hilohilo: eleza ulivyowahi kushindwa, na ulivyobadilika baada ya hapo.

Niliitaka nafasi ile, wee acha tu. Biashara yangu ilikuwa imekufa, na bila chuo sikuwa na pa kushika. Insha nilikuwa nimeiandika kwa Kiingereza cha kujidai, nikawa namtafsiria shangazi sentensi kwa sentensi, nikitegemea anisifie.

Biashara yenyewe ilikuwa ya ndizi. Nilinunua mikungu Izimbya, nyingine nauza Bukoba mjini, nyingine napeleka Muleba na kuivusha kwa boti hadi kisiwa cha Bumbire, kwa wavuvi. Nilikuwa kijana mwenye haraka. Sikusubiri mtu anikatie. Nilikuwa na panga langu kali, naingia kwenye migomba ya kibanja hiki nachagua mkungu, nakata, nahamia kwa jirani. Miaka ile ndipo ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye migomba yetu. Bwana shamba alituita akatueleza kwamba ugonjwa unatembea na panga. Ukitoka kibanja kimoja, lipitishe kwenye moto au lioshe kwa jiki kabla hujaingia kingine. Mimi lori linanisubiri barabarani, nianze kukoka moto? Nilimcheka mbele ya watu, Mungu anisamehe.

Basi, nilikopita majani yakaanza kunyauka. Ukikata shina, linatoka usaha wa manjano. Kwa Ma Koku, ambako nilikuwa nakata kila wiki, kibanja kizima kilikwenda, kile alichoachiwa na baba yake, na makaburi ya wazee wetu yamo humohumo katikati ya migomba.

Hapa ngoja nikwambie nilichokiona, maana sijui kama nitakieleza vizuri. Mhaya kung'oa migomba yake kwa mkono wake si jambo la kutamkwa. Lakini Ma Koku, mjane, magoti yanamuuma, alijifunga kanga kiunoni akang'oa yote, shina baada ya shina, akaifukia kama alivyoelekezwa. Asubuhi niliyofika pale nilisimama njiani nimeduwaa. Tangu nizaliwe sikuwahi kuliona anga nikiwa nyumbani kwa shangazi. Siku zote kilikuwa kivuli tu. Sasa mwanga umejaa mpaka mlangoni, makaburi yote yanaonekana, na bibi huyu yuko katikati na jembe lake, anapanda mahindi. Sikuthubutu hata kubisha hodi.

Baadaye aliniona mwenyewe, akaniita ndani, na mchana akapika ugali. Wazee wetu unawajua, kwao chakula ni ndizi: mtu akishiba ugali, ukimuuliza, atakwambia leo hajala. Ma Koku alinawa, akala taratibu, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Tumekula. Tumshukuru Mungu." Nimefanya kazi na wakurugenzi wengi tangu hapo, wa suti na magari, na sijaona aliyebadilika namna ile.

Sasa turudi kwenye insha. Unajua nilikuwa nimeandika nini? Boti! Niliandika jinsi injini ilivyozimika tukienda Bumbire, ndizi zikaivia majini, nikapata hasara lakini sikukata tamaa. Na ilikuwa kweli, iliwahi kuzimika. Nilipomaliza kusoma, Ma Koku aliendelea kuchambua maharage.

"Wamekuuliza wewe ulikosea wapi," akasema. "Mbona unawaambia boti ndiyo iliyokosea?"

Nikaanza kukunja karatasi zangu.

"Na kibanja changu hakimo?"

Mawe, mama wee! Nilitamani sakafu ipasuke. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Yeye alijua, na mimi nilijua kwamba anajua, tukawa tunapeana salamu na kuulizana habari za mvua. Nikapiga magoti, nikasema, "Shangazi, ni mimi niliyekuletea mnyauko. Nilionywa, nikacheka."

Mikono yake ikatulia kwenye ungo. Alinitazama bila hasira yoyote usoni, na hilo ndilo lililoniogopesha. Kisha akasema, "Haya. Liandike hilo."

Nikaliandika palepale, machozi yanadondokea karatasi. Nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali, halafu akauliza, "Baada ya hapo ulibadilika nini?"

Nilikuwa nimekimbilia mjini kujificha, basi.

"Basi insha haijaisha," akasema.

"Shangazi, mwisho wa kutuma ni Ijumaa!"

"Ijumaa zipo nyingi, waitu, mwanangu," akanijibu, akainuka kwenda kuinjika maharage yake.

Nilikasirika, sikufichi. Nilimuona mzee wa kijijini asiyejua maana ya chuo. Lakini usiku kucha niliwaza neno lake, na ile Ijumaa ikapita bila mimi kutuma kitu. Wenzangu wakaenda kusoma, mimi nikarudi Izimbya kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kusema ni mimi, na kuonyesha jinsi ya kulisafisha panga.

Mmoja alinifukuza, na alikuwa na haki. Lakini kulikuwa na mzee mmoja, Ta Felisiani, aliyepoteza kibanja chote. Nilimweleza nikiwa nimesimama uani. Akasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani. Nikajua anafuata fimbo. Akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni wa heshima. "Tafuna kwanza," akasema, "ndipo unionyeshe huo moto." Nilishindwa kutafuna. Mpaka leo najiuliza mtu anaupata wapi moyo wa namna hiyo, na sijapata jibu.

Mwaka uliofuata niliandika tena. Ilikuwa insha fupi, ya Kiingereza cha kawaida kabisa. Siku ya usaili mama mmoja aliniuliza swali moja tu: "Na yule aliyekufukuza, ulifanyaje?" Nikamwambia nilirudi, akanifukuza tena, nikarudi tena. Akafunga faili. Nafasi nikapata.

Sasa tuje kwako. Nimeisoma insha yako yote, na Kiingereza chako kimenipita mbali. Umeandika kwamba biashara yenu ya juisi kule Muleba ilikufa kwa sababu umeme ulikuwa unakatika. Umeme umekatika ukurasa mzima! Lakini Adela, mliyeianzisha naye, hayumo hata kwa jina. Niliyoyasikia mimi ni kwamba alikwambia mapema mpunguze ukubwa wa biashara, ukamwambia ni mwoga, na sasa hamsalimiani. Loo, hukudhani shangazi yako anayajua hayo?

Mwanangu, wanaoisoma insha hii wamezisoma nyingi mno za umeme na boti. Usiwaletee kosa ulilolipamba. Andika lile linalokufanya uinamishe kichwa, uliseme kwanza kwa uliyemkosea, uso kwa uso, kabla hujawaambia wageni. Na hilo neno la kubadilika usiliandike mpaka uwe umebadilika kweli. Ikibidi muda upite, acha upite, chuo hakihami. Fanya hivyo uone watu watakavyokushangaza, maana mimi walinishangaza mpaka nikajiona mdogo, na udogo ule ndio ulionisomesha.

Nenda ukae pale barazani upige simu. Mungu akulegezee ulimi, akupe na nafasi unayoitafuta, na Adela apokee. Asipopokea, Muleba si mbali, nauli nitakupa mimi.