Habari za London Nilizomtafsiria Mama

Sebule ya Mama Sanga ilinuka nta nyekundu ya sakafu, maziwa yaliyofurika jikoni yakaungua, na harufu nyingine ambayo sijakutana nayo tena popote: vumbi linalopata moto polepole nyuma ya televisheni ya kioo kinene. Nyumba yake ilikuwa Iyunga, upande wa juu wa barabara kuu, na malori yaliyokuwa yakipita kwenda Tunduma yalitikisa vikombe kabatini. Saa kumi kamili alasiri, ambayo huko Uingereza ilikuwa saa saba mchana, muziki wa taarifa ya habari ulilia, na sote tuliokuwa mle ndani tulinyamaza kama watu walioambiwa, “Tuombe.” Mvua ya Mbeya ilikuwa ikipiga bati. Mama Sanga aliinuka, akaongeza sauti, kisha akaketi tena wima kwenye kiti chake cha mbao, mikono mapajani, kana kwamba msomaji naye alikuwa akimwona.

Alikuwa muuguzi mstaafu, mtu wa Iringa aliyeletwa Mbeya na kazi na kubakizwa na ndoa. Ujanani aliwahi kupelekwa Uingereza kusomea ukunga kwa miaka miwili, na kitu alichorudi nacho, mbali na koti zito na namna ya kunywa chai bila sukari, kilikuwa mapenzi kwa watu wanaosoma habari. Mwanawe wa Dar es Salaam alipomfungia ungo wa satelaiti, hakutaka tamthilia wala mpira. Alitaka taarifa ya habari. Mwanamume wa mvi zilizochanwa vizuri ndiye aliyekuwa kipenzi chake, akifuatiwa na mwanamke mmoja wa hereni za lulu ambaye siku nyingine alishika zamu. Hawakuchekacheka, hawakupaza sauti, hawakuwa na haraka. “Mwangalie,” Mama Sanga aliniambia siku moja. “Anayeleta habari ya msiba haji mbio. Anatembea, anabisha hodi, anakaa, ndipo anasema.” Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la sita, na nilimpenda yule mzee wa mvi kama mtoto anavyompenda babu aliye mbali. Nyumbani nilishika daftari, nikajitazama kwenye kioo cha dirisha, nikasoma habari zangu kwa Kiingereza nisichokijua, sauti nikiishusha mwisho wa kila sentensi kama yeye.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Mwanzoni mwa mwaka ule aliondoka na shehena ya mafuta ya kula kwenda Lubumbashi, kwa njia ileile aliyoizoea, Tunduma, Zambia, kisha mpaka wa Kongo. Safari hiyo ilimchukua wiki tatu, ikizidi sana nne. Simu za mkononi hazikuwa zimefika kwa watu kama sisi; habari za dereva zililetwa na dereva mwingine. Wiki ya tano ilipoisha bila dereva yeyote kuleta habari za baba, na wakati huohuo Kongo walikuwa wakipigana, mama alianza kunifuata kwa Mama Sanga. Alikuja na khanga yake mabegani, akavua viatu vya matope mlangoni, akaketi mkekani ingawa viti vilikuwepo. Hakujua Kiingereza hata neno, lakini aliutazama mdomo wa yule mzee wa mvi kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini.

Mama Sanga alitafsiri bila kuongeza chumvi. “Leo hawajaigusa Kongo,” alisema. Siku nyingine: “Wameonyesha Kongo, mama Atu, lakini ni kaskazini kabisa, mumeo hafiki huko. Zaidi ya hapo sina.” Ndivyo alivyokuwa, mkweli mpaka baridi. Mama alishukuru kwa Kinyakyusa, “Ndaga,” akainuka. Lakini njiani alinishika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na usiku nilimsikia akijigeuza kitandani. Alikuwa amekonda. Ndizi alizopika zilikuwa zikilala sufuriani.

Katikati ya Februari, dada yake Mama Sanga aliumia mguu huko Iringa, naye akaondoka kwenda kumuuguza. Ufunguo alimwachia mama. “Nyumba isikae giza,” alisema, “na televisheni mfungulie Atupele, asisahau Kiingereza chake.” Kiingereza chenyewe kilikuwa cha ubaoni: rangi, siku za wiki, mimi naitwa fulani, hiki ni kiti. Siku ya kwanza tuliyokaa peke yetu, mama na mimi, yule mzee wa mvi alisema maneno mengi, kisha kioo kikaonyesha malori yaliyopangana kwenye barabara nyekundu, wanajeshi wakipita kando yake. Nilisikia neno Kongo. Nadhani nilisikia pia neno la barabara. Mama alinigeukia. Macho yake yalikuwa makubwa mno kwa uso ule uliokuwa umepungua.

“Amesema nini, Atu?”

Ningeweza kusema sijui. Kusema hivyo kungechukua pumzi moja tu. Lakini nilishakaa mbele ya kile kioo kwa mwaka mzima nikijifanya naelewa, na shuleni nilikuwa wa kwanza, na mama alikuwa ananitazama. Nikashusha sauti yangu kama yule mzee.

“Amesema madereva wamezuiwa njiani. Wako salama. Barabara ikifunguliwa watarudi.”

Mama alifunika uso kwa khanga. Alilia kwa muda, halafu akacheka, halafu akaniambia niseme tena, nikasema tena. Jioni ile alipika wali na maharage akala mpaka akakomba sahani, na usiku alilala bila kujigeuza. Nililala kando yake nikiwa na furaha niliyokuwa sijawahi kuipata, furaha ya mtu aliyeponya mgonjwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliiona ndefu na nyoofu, nayo nikaifuata. Kesho yake taarifa haikuitaja Kongo kabisa, mama akauliza, nikasema wanagawiwa chakula. Keshokutwa nikasema madereva wa Tanzania wametengwa upande wao, wana mahema. Nilijifunza kuchelewa kidogo kabla ya kujibu ili nionekane natafuta maneno. Kuna siku umeme ulikatika katikati ya taarifa, na hata hapo nilikuwa na la kusema.

Wiki ya pili ya uongo wangu alikuja baba mdogo Ambakisye kutoka Tukuyu, mdogo wake baba, mtu mfupi aliyekuwa mwepesi wa hasira na wa huruma vilevile. Alikuja na begi. Alikuwa amepata lifti ya lori la mbolea lililokuwa linaondoka asubuhi kwenda Ndola, na kutoka pale mpakani si mbali. “Shemeji,” alimwambia mama, “mimi siwezi kukaa. Nakwenda kumtafuta kaka. Nikimkuta ameketi baa nitamchapa, nikimkuta kalala nitamwinua.”

Mama alimkalisha, akamwekea chai. “Baba mdogo, ukienda utakutana na risasi, halafu niwalilie wawili. Wenzetu wa London wanasema kila siku. Wako salama, wamezuiwa tu. Atu, hebu mwambie baba yako mdogo.”

Nilisimama mbele yake, mikono nyuma, kama tunavyosimama kujibu swali darasani. Nilisema yote: barabara, mahema, chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

“Una hakika, mama?” aliniuliza mimi. “Umesikia kwa masikio yako?”

“Ndiyo, baba.”

Alitazama begi lake kwa muda mrefu. “Basi,” alisema hatimaye, “kama ni London wanasema.” Asubuhi lile lori la mbolea liliondoka bila yeye. Alipanda basi akarudi Tukuyu.

Habari ya kweli ililetwa na Mzee Kapufi, dereva mwenzake baba, majuma matatu baadaye. Alikuja alasiri, kwa miguu kutoka kituoni, na nilipomwona akitembea polepole vile, akisimama mlangoni kubisha ilhali mlango ulikuwa wazi, nilijua. Alikuwa amebeba koti la baba na leseni yake kwenye mfuko wa nailoni. Baba hakuwa amefika Kongo. Alishikwa na homa akiwa kwenye foleni ya mpakani, akalazwa kwenye hospitali ya misheni upande wa Zambia, hajiwezi, na aliyepaswa kutuletea ujumbe alipelekwa njia nyingine. Mzee Kapufi alifika pale akakuta kaburi. Muuguzi alimsimulia kwamba mgonjwa alikuwa akiuliza kila asubuhi kama kuna mtu wa kwao aliyekuja. Hakuwa na wa kumlisha wala wa kumgeuza. Mama aliuliza alifariki lini. Mzee Kapufi akataja siku. Mama akahesabu kwa vidole, midomo ikitikisika, na mimi nilihesabu pamoja naye. Baba alikufa siku kumi na moja baada ya lori la mbolea kuondoka. Safari ya kwenda kule ilikuwa ya siku tatu.

Msiba ulikaa Tukuyu, msiba usio na maiti. Mvua haikukatika, wanawake walilia chini ya turubai lililojaa maji, na shangazi zangu wawili hawakumpa mama nafasi ya kukaa nao. Baba mdogo alikuwa ameshawaeleza: “Nilitaka kwenda, akanizuia.” Hakusema uongo. Shangazi mkubwa alisimama mbele ya watu wote akasema kwamba kuna mwanamke aliyemwacha mume afe kama mbwa barabarani kwa kuamini picha za wazungu. Mama aliinamisha kichwa. Hakusema, “Mtoto ndiye aliyeniambia.” Nilisubiri aseme. Nilikuwa nimekaa karibu na kuni, na sehemu moja yangu iliomba aseme ili liishe. Hakulitaja jina langu, siku ile wala nyingine yoyote. Alimlaumu yule mzee wa mvi peke yake, na alimlaumu kwa sauti ndogo. “Yule baba ni mwongo,” aliniambia tuliporudi Iyunga. “Na uso wake ule wa heshima.”

Mama Sanga aliporudi kutoka Iringa alikuja kutoa pole, akamwuliza mama ni nini hasa walichosema London. Mama akamwambia. Yule bibi akanigeukia, akanitazama kama wauguzi wanavyotazama kidonda kabla ya kukigusa. Hakusema neno mbele ya mama. Wiki iliyofuata aliniita, akafungua televisheni, akanikalisha. Habari moja ilipoisha alipunguza sauti. “Umesikia nini?” Nilianza kutunga. Akatikisa kichwa. “Umesikia nini?” Nikasema nimesikia neno mvua na neno nyumba. “Na mengine?” Nikasema sijui. “Hilo ndilo jibu,” alisema. “Sijui. Rudia.” Tulifanya hivyo kila alasiri mpaka nilipoondoka kwenda sekondari. Hakunipiga, hakunisema kwa mtu. Alikufa nikiwa chuoni, na mpaka leo sijaamua kama kunyamaza kwake kulikuwa huruma au adhabu.

Sasa naishi Iringa, nafundisha Kiingereza, na mara kadhaa kwa mwaka naitwa kuwatafsiria madaktari wageni wanaokuja kwenye hospitali moja ya misheni. Huko nasema kilichosemwa. Daktari akisema hakuna dawa, namwambia mke wa mgonjwa hakuna dawa, polepole, nikiwa nimeketi. Wenzangu wananiona mgumu. Mwaka jana mwanangu alinionyesha kwenye simu kwamba taarifa za habari za zamani za Waingereza zimehifadhiwa mtandaoni, watu wanazitazama na kuandika chini yake jinsi wanavyoukumbuka muziki ule na utulivu ule. Nilimkuta yule mzee wa mvi. Nilimtazama kwa saa mbili, na kwa mara ya kwanza nilimwelewa neno kwa neno. Alisema bei zimepanda, waziri amejiuzulu, mafuriko yamebomoa daraja. Hakuwahi kumdanganya mtu. Alikuwa akifanya kazi yake, na sisi huko Iyunga hatukuwa hata kwenye mawazo yake.

Pasaka nilikwenda Ilomba, hapohapo Mbeya, anakoishi mama siku hizi kwa mdogo wangu. Nilimkuta akichambua mboga. Nilimwambia yote, kuanzia siku ya malori. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini mimi kilio kilishapita na bado niliendelea kuficha. Mama hakuacha kuchambua. Alimaliza fungu zima, akafuta mikono kwenye khanga.

“Ambakisye amekufa hanisalimii,” alisema. “Ungeniambia akiwa angali hai.”

“Nilikuwa mtoto, mama.”

“Ulikuwa mtoto. Halafu ukakua.” Akainuka kwa shida, akaenda kutafuta viatu. “Shangazi zako bado wapo. Twende.”

Tulikwenda Tukuyu siku ileile. Shangazi mkubwa siku hizi haoni; shangazi mdogo ndiye aliyetukaribisha, na kwa mazoea alimpa mama kile kigoda cha mlangoni, mbali na wengine, anachopewa tangu msiba ule. Nilizungumza kwa Kinyakyusa, nimesimama. Nilipomaliza hakuna aliyenitukana. Shangazi mkubwa alipapasa hewani akiutafuta mkono wa mama, mama akabaki ameketi pale mlangoni, hakuunyoosha wake, na wote wawili walizeeka hivyo mbele ya macho yangu kwa dakika nzima. Kisha mama akasema tumechelewa, basi litatuacha.

Watu hulalamika kwamba habari za siku hizi zinakimbia mno, kwamba uongo unafika kwenye simu kabla mtu hajanawa uso, na kwamba wasomaji wa zamani walikuwa na adabu. Nakubaliana nao, nami nawakumbuka wale wazee kwa uchungu wa kweli. Lakini kutoka London mpaka Iyunga, wakati ule, neno lilifika papo hapo. Langu la kweli lilitoka Iyunga kwenda Tukuyu, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, likachukua miaka ishirini na sita.