Uma wa Mama Mizunguko

Mama Mizunguko alikuwa amechoka kubishana na kidude chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Fundi wa makumbusho alikielekeza kwenye gurudumu la teleprinta kuukuu, mashine ya posta ya kupeleka maandishi kwa waya, kikamulika, kikatoa namba: mizunguko elfu tatu na tisini kwa dakika. Inatakiwa elfu tatu kamili.

"Kidude chako kinaota," alisema.

Yeye alikuwa na uma wake, chuma cha meno mawili, kila jino na kibati chembamba nchani. Unaugonga gotini, unatetemeka, unachungulia kati ya vibati zile alama nyeupe na nyeusi za gurudumu. Zikionekana zimesimama, mwendo ni sawa. Zikitambaa, unageuza skrubu. Kwa uma huo alirekebisha mashine za posta miaka ishirini na sita, na hakuna aliyembishia isipokuwa wifi yake.

Wifi alikuwa mchapaji wa mashine hiihii. Mwaka wa mwisho ujumbe wake ulianza kufika ovyo, herufi zimevurugika. Akasema mashine inakimbia. Mama Mizunguko akapima, alama zikasimama tuli, akamwambia mkuu wa ofisi: "Mashine haina kosa. Mtazameni vidole." Wifi akahamishiwa kubandika stempu hadi akastaafu, na jina la Vidole likamganda. Mwezi uliofuata zikaja mashine mpya zisizohitaji uma, hii ikatupwa stoo, mpaka makumbusho walipoichukua na kumwita Mama Mizunguko aifufue.

"Mama, uma huu umewahi kupigwa msasa?" fundi aliuliza.

"Nani athubutu?"

Mumewe, aliyekuja kumbebea mkoba, akakohoa. "Niliung'arisha mimi. Ulishika kutu huko nchani. Wewe ulikuwa unatimiza miaka ishirini na tano kazini, nikataka kukushangaza."

Uma ukipungua nchani hutetemeka haraka zaidi, na alama husimama mashine ikiwa inakimbia. Hilo alilijua tangu chuoni.

"Nimeshangaa, baba watoto," alisema. Alitamani kumrushia huo uma, lakini si mumewe aliyesema habari ya vidole. Aibu ikamjaa, akaomba simu.

Wifi alikuja kesho yake, mkoba kwapani, bila salamu. Fundi alikuwa amegeuza skrubu mpaka kidude kikasoma elfu tatu. Wifi akaketi, akachapa mstari mmoja, na kwenye mashine ya pili iliyoungwa nayo kwa waya, upande wa pili wa chumba, karatasi ikatoka safi.

"Samahani, wifi," Mama Mizunguko alisema.

"Vidole ni vilevile," wifi alijibu, akaendelea kuchapa.