Picha Iliyotumwa Kama Faili

Mtaani walimwita Bi Kidevu, maana hakuna aliyekalia kigoda cha studio yake bila kuambiwa, "Inua kidevu." Na alikuwa mjuaji, usiseme. Kwake picha yenye ukungu ni dharau. Ukimtumia moja anaweza kukununia mpaka jioni. Ndiyo maana picha zake zote alizituma kwa simu kama faili, zifike vile vile zilivyopigwa. Alijisifia hilo kwa kila mteja.

Siku hiyo hakutulia tangu afungue. Anaketi, anasimama, anachungulia nje. Mdogo wake alikuwa na wiki tatu mafichoni pamoja na bintiye, kwenye chumba cha uani kwa mshona nguo mmoja, akimkimbia mume aliyemvunja mkono. Katika ndugu, Bi Kidevu peke yake ndiye aliyejua. Hata mama yao hakuambiwa, kwa kuwa mama hana siri. Ukimuuliza kwa upole tu, anamwaga yote. Ila alikuwa akimlilia mjukuu, na juzi Bi Kidevu akampelekea picha moja: mtoto, ukuta mtupu, basi. Akajiona mjanja kweli.

Saa nne akaingia muuza samani na picha za makochi yake. "Nifutie mahali zilipopigwa kabla sijazitangaza. Sitaki wezi wajue ghala langu."

"Mahali? Picha itajuaje mahali?"

"Bi Kidevu, na wewe! Simu inaandika humo humo siku, saa na mahali. Hebu lete yako." Akafungua picha ya mtoto, akagusa maelezo. Ikatokea ramani, na alama nyekundu imekaa juu ya bati la mshona nguo. "Ukituma kawaida, mara nyingi hufutika. Ukituma kama faili, yanakwenda yote. Futa hapa, halafu zima mahali kwenye kamera."

Bi Kidevu akafuta papo hapo. Lakini aliyoifuta ni ya kwake. Ya mama ilishafika. Akampigia.

"Mama, ile picha umemwonyesha nani?"

"Nimwonyeshe nani mie? Shemeji yako tu, kapita asubuhi kunijulia hali. Maskini, kalia. Kajitumia mwenyewe, mie siyajui mambo hayo. Kaisifu ilivyo safi."

Mdogo wake hakuwa na simu. Aliiacha kwa mumewe. Bi Kidevu akamwacha muuza samani kigodani, akadandia pikipiki ya kwanza, akimsumbua dereva njia nzima. Alimkuta mdogo wake anaanika nguo.

"Funga mizigo. Anajua mlipo."

"Nani kamwambia?"

Alitaka kusema mama. Roho ikamsuta. "Mimi," akasema, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Ni mimi, mdogo wangu."

 Mdogo wake akaanza kuzianua nguo zikiwa mbichi, akizisokomeza kwenye begi. Mtoto naye, kumwona mama yake mkubwa, akaenda mwenyewe kusimama mbele ya ule ukuta, akainua kidevu, akangoja.