Uvimbe wa Hina

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu hapa Durban ambayo hata leo ikinijia nashusha pumzi. Nilikuwa nasuka nywele saluni, nikipanga chumba mtaa wa Glenwood pamoja na Hina, mwanafunzi kutoka kisiwa cha mbali huko Pasifiki. Tulielewana kwa Kifaransa, yeye cha kwao, mimi cha Lubumbashi.

Bibi yake alipokuwa msichana, wakubwa wa dunia walijaribu mabomu ya nyuklia karibu na kisiwa chao. Watu waliambiwa hakuna hatari, wakaendelea kunywa maji ya mvua na kula samaki. Miaka ikapita, bibi akapata saratani ya shingo. Kisha mama yake Hina. Basi Hina, akiwa na mimba yake ya kwanza, alipopapasa uvimbe shingoni, alijifunga skafu akanyamaza. Mimi nilifikiri anasikia baridi tu.

Siku hiyo Mama Feza, mkubwa wetu wa kanisa, alikuja chumbani kwetu nimsuke. Hina alipoinama kumpa chai, skafu ikateleza.

“Dokta anasema nini?” Mama Feza aliuliza.

“Sijaenda, Mama. Najua atasema nini.”

“Wewe ndiye dokta? Binti yangu, bibi yako walimficha ukweli. Sasa wewe unajifichia mwenyewe? Vaa viatu.”

Nywele za Mama Feza zilikuwa nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Akafunga kitambaa, tukapanda taxi hivyo hivyo mpaka hospitali. Hina akachomwa sindano ya kupima, tukaambiwa tungoje majibu. Eish, kungoja kule!

Siku ya majibu Hina aliitwa. Mama Feza akamshika mkono, tukaingia wote watatu.

“Si saratani,” dokta alisema. “Lakini kwa yaliyowapata kwenu, uje tukupime kila mwaka.”

Hina alicheka na kulia pamoja. Mtoto naye alizaliwa mzima, sauti yake ikajaza wodi. Hina akamwita Feza.

Mwanangu, si kila mtu hupata jibu kama lile. Mama yake Hina hakulipata. Ila hofu usiibebe peke yako. Nenda ukapimwe, uulize, ujue. Na mwenzako akinyamaza sana, usingoje akuite.

Mungu akujalie habari njema, na mtu wa kukaa nawe wakati unazingoja.